Poda ya Dada Yangu

Mwezi uliopita nilikaa kwenye uwanja wa shule ya binti yangu, hapa Kabondo mjini Kisangani, juu ya kiti cha plastiki kilichokuwa kinayumba, nikisubiri majina yasomwe. Mbele yangu mama mmoja alikuwa ameweka mfuko mweusi mapajani. Kabla hajaufungua nilishajua kilichomo, kwa sababu harufu ya poda ya watoto haifichiki, hasa ikichanganyika na jasho la watu na vumbi la uwanja uliofagiwa asubuhi. Jina la mwanawe liliposomwa aliruka, akapiga vigelegele, akamkimbilia na kummwagia kopo zima kichwani mpaka mtoto akapiga chafya. Watu walicheka, wakashangilia. Na mimi nilishangilia. Lakini nisiwadanganye ninyi mliokua pamoja nami: nilimwonea wivu yule mtoto. Mtu mzima kama mimi, mwenye mvi ninazozing'oa kila Jumapili kabla ya misa, nilimwonea wivu mtoto wa miaka kumi ambaye hata jina lake nimeshalisahau.

Mnajua wenyewe kwamba kwetu mtoto akifaulu hapewi mkono tu. Anamwagiwa poda, kisha anatembea nayo siku nzima bila kunawa, ili mtaa mzima umwone na kila mtu amsimamishe ampongeze. Akina mama wenye bidii humtandikia hata vikwembe vyao, vile vitenge vya kujifunga, chini, aingie nyumbani akivikanyaga. Anayerudi na nywele zake nyeusi, watu humsalimia kwa sauti ya chini na kutazama pembeni, kwa kuwa wanadhani ameanguka na hawataki kumwaibisha. Mimi nilikuwa wa kwanza darasa la nne, nikawa wa kwanza darasa la tano, na mara zote mbili nilirudi nyumbani na nywele nyeusi.

Dada yangu Fifi alinizidi miaka mitatu. Alikuwa mrefu, mwenye mikono ya kazi na sauti nzuri, na asubuhi bendera ilipopandishwa shuleni ni yeye aliyeanzisha wimbo, wengine wote wakamfuata. Mama yetu aliitwa Mama Fifi na kila mtu, kuanzia padri hadi wauza chumvi. Nikitumwa dukani niliulizwa, "Weye ni mutoto ya Mama Fifi?" nami nikaitikia, huku najiuliza kama jina langu, Mado, lina kasoro gani hata mama yangu asiweze kuitwa nalo. Fifi alijua kusuka, alijua kupika, alijua kumnyamazisha mtoto wa jirani akilia. Kitu alichokuwa hakijui ni mitihani. Hesabu ziliingia kichwani mwake jioni na kutoka asubuhi, akiwa njiani kwenda shule.

Mwaka alipofika darasa la sita, mimi nikiwa la nne, Mama alirudi sokoni alikokuwa akiuza samaki wa kukaushwa na kopo la poda. Kopo lilikuwa na picha ya mtoto mnene anayecheka, na lilinukia samaki kidogo kwa sababu lilisafiri ndani ya beseni pamoja nao. Alilifunga katika kikwembe chake cha sikukuu, akaliweka chini kabisa ya sanduku la chuma. Asubuhi ya proklamasyo, yaani siku ile ya kutangaza matokeo, nilimwona akilitoa na kulitia mfukoni.

Shuleni kwetu majina yalisomwa kwa kufuata pointi, kuanzia wa kwanza kushuka chini. Walioanguka hawakusomwa. Ndiyo adhabu yenyewe: unakaa pale unasikiliza, na jina lako halifiki. Darasa la nne lilipoitwa, mimi nikasomwa kabla ya wote. Nilipogeuka kumtafuta Mama, nilimwona amesimama, mkono mmoja umo ndani ya mfuko. Ukakaa humo kwa muda. Kisha ukatoka mtupu, akaanza kupiga makofi. Baadaye lilisomwa darasa la sita mpaka jina la mwisho, na la Fifi halikuwemo. Tulirudi nyumbani kwa njia ya nyuma, tukipita kwenye bustani za mchicha za watu.

Mtu mwingine angeelewa. Mimi nilikuwa mtoto mwenye akili, na mtoto mwenye akili akikosea hukosea kwa hoja nzuri kabisa. Nilijiambia hivi: Mama alilishika kopo jina langu liliposomwa, kwa hiyo kopo ni langu. Hakulifungua kwa sababu darasa la nne ni dogo. Analitunza kwa ajili ya mwaka wangu wa sita, siku nitakayomaliza shule ya msingi. Mwaka uliofuata mambo yalikuwa yale yale: nilisomwa wa kwanza, mkono ukaingia mfukoni, ukatoka mtupu, na Fifi hakusomwa. Basi, nikasema, nimehakikisha. Kuanzia hapo kila nilipotumwa kuchukua kikwembe sandukuni nililitoa lile kopo, nikalitikisa karibu na sikio, nikanusa kifuniko chake, nikalirudisha. Nililifahamu kuliko nilivyowafahamu baadhi ya ndugu zangu wa kijijini Yanonge.

Mwaka wa tatu mimi na Fifi tukawa darasa moja. Yeye alikaa nyuma na watoto warefu, shati lake la sare likimbana kifuani, na wanafunzi wakamwita "mama ya kalasi". Mimi nilikaa mbele, chini ya pua ya Maître Augustin, mwalimu wetu. Ningependa kuandika kwamba nilimwonea dada yangu huruma. Hapana, nilifurahi. Kwa mara ya kwanza watu wangetuona tumesimama mahali pamoja na wangeweza kupima. Tukitwanga muhogo uani aliniuliza, "Mado, unielezee tena zile sehemu za Maître," nami nilimweleza kwa haraka, kwa makusudi, nikameza maneno ya katikati, halafu nikaondoka. Alibaki anaandika kwa kidole juu ya unga uliomwagika kando ya kinu. Sijawahi kumwomba msamaha kwa hilo.

Siku ya proklamasyo ikafika. Mama alivaa kile kikwembe cha sikukuu, Papa akavaa viatu vyake vya ofisini, na mfuko ulikuwepo. Niliuona umevimba upande mmoja. Kwaya iliimba, Fifi akianzisha. Mkuu wa shule alizungumza muda mrefu kuhusu nidhamu na vyoo. Kisha Maître Augustin akasimama na karatasi zake, akasoma kwa Kifaransa chake cha sikukuu, akivuta kila neno: ya kwanza, Mado, asilimia themanini na nne.

Nilitembea mpaka mbele. Nilipewa mkono, nikapewa daftari tano na kalamu nyekundu. Nikageuka, nikainamisha kichwa kidogo, kwa sababu nilikuwa nimeona wenzangu wanavyofanya ili poda iingie vizuri. Nikasubiri. Nilisikia makofi. Nilipoinua macho, Mama alikuwa amesimama anapiga makofi, na mfuko ulikuwa kwenye kiti nyuma yake, umefungwa.

Nikajituliza. Anasubiri mwisho, nikasema, ili kusiwe na fujo. Majina yakaendelea kushuka. Asilimia sabini, sitini na tano, sitini. Niliona kwamba Mama ameacha kupiga makofi kwa ajili ya watoto wa watu, jambo ambalo si tabia yake. Midomo yake ilikuwa inatikisika bila sauti. Papa alikuwa anatazama viatu vyake. Maître alifungua karatasi ya mwisho, akasoma majina matatu, akanyamaza kufuta miwani yake, akasoma jina la nne. Fifi, asilimia hamsini na moja.

Kiti cha Mama kilianguka. Alipita katikati ya watu akiacha ndala moja nyuma, vigelegele vyake vikimtangulia, na kopo tayari liko mkononi. Kifuniko kilikuwa kimekaza kwa ukaidi wa miaka mitatu, akaking'oa kwa meno. Alimmwagia Fifi kichwani, shingoni, mgongoni, ndani ya shati. Kopo likaisha, akalipiga kitako kwa kiganja ili hata ile iliyogandamana pembeni itoke, ikatoka. Fifi alikuwa amepiga magoti, analia, na machozi yalichora mistari myeusi usoni mwake. Akina mama wa mtaa wetu walivua vikwembe vya juu na kuvitandika mpaka getini. Hata mkuu wa shule alicheka.

Mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka hapo na daftari zangu tano. Kipande kidogo cha poda kilikuwa kimeangukia kiatu changu cha kushoto. Niliinama, nikajaribu kukizoa kwa kidole, lakini kilikuwa kimeshashikana na vumbi. Hapo ndipo Mama aliponiona. Alinivuta kwa mkono mmoja, ule mwingine ukiwa bado umemshika Fifi, akanikandamiza kwenye ubavu wake.

"Mado wangu," akasema huku anahema, "ya weye tulijuaka tu."

Yangu waliijua, kwamba nitafaulu. Nililibeba neno hilo mpaka nyumbani, nikitembea pembeni ya vikwembe, si juu yake. Ndani ya kifua changu mlikuwa na kitu kinachochoma, na sikuwa na shaka hata kidogo kinaitwaje. Nilimchukia Fifi. Nilimchukia kwa lile kopo, kwa zile pointi zake hamsini na moja zilizokuwa zinachezewa ngoma wakati themanini na nne zangu zinabeba daftari. Alikuwa ameniibia kitu nilichokisubiri miaka mitatu, tena bila hata kujua kwamba ameiba.

Nyumbani watu walijaa uani. Jikoni palikuwa na beseni la unga wa fufu ambao Mama aliuchekecha alfajiri kwa ajili ya wageni, unga mweupe, laini, wenye ule uchachu wa muhogo ulioloweka siku nyingi. Niliutazama. Halafu nikalibeba beseni mpaka nyuma ya nyumba, nikafunga macho, nikajimwagia.

Nitasema ukweli: ilikuwa raha. Ulishuka taratibu masikioni, puani, ndani ya kola. Nilipitia tundu la ua, nikatokea barabarani upande wa pili, nikaanza kutembea polepole, kifua mbele, kama mtu ambaye avenue nzima ni mali yake. Na watu, Mungu awabariki, waliitikia. Vijana wa toleka walipiga kengele za baiskeli zao. Abiria mmoja aliyekaa nyuma ya toleka alivua kofia. "Félicitations, petite!" "Mwana ya mayele!" wakaita wengine kwa Kilingala, yaani mtoto mwenye akili. Mama mmoja aliyekuwa anafua aliinuka na mikono yenye povu akanichezea hatua mbili. Nilimwinamishia kila mmoja kichwa kidogo kwa shukrani, kama wanavyofanya wakubwa. Yote yale yalikuwa haki yangu. Kitu pekee kilichokuwa cha uongo ni unga.

Lakini jua la Kisangani saa nane mchana halina urafiki na mtu. Jasho lilianza kwenye paji la uso, na poda ikikutana na jasho hukauka, lakini unga wa muhogo huwa na mawazo mengine. Nilihisi nywele zinavutana. Kitu kizito kikaanza kushuka nyuma ya sikio. Kuku mmoja alinifuata, na nilipomfukuza akarudi na mwenzake.

Mama Zaina alikuwa anakaanga mikate midogo kama maandazi pale kwenye njia panda. Ni jirani yetu, mwenye asili ya Maniema, mwanamke wa swala tano na ulimi mkali. Aliniangalia, akatoa mikate kwenye mafuta, akaniangalia tena, akanivuta karibu, akaninusa kichwa.

"Mado, nani alikumwangia hii?"

"Mama."

"Mama yako? Na unga ya fufu?"

"Ndiyo, Mama Zaina."

Kijiko kilimchuruzikia mafuta chini. Nilidhani amenikamata. Kumbe moyoni mwake alikuwa anajenga hadithi nzuri kuliko yangu. "Ah, nimeelewa," akasema. "Pudre iliisha ku Fifi, njo akachukua unga, juu mutoto mwingine asilie. Ule mama! Ule mama anajua kugawa!" Machozi yalimlengalenga. Akapunguza moto, akanishika mkono. "Kuya. Ninaenda kumupongeza mbele ya batu."

Nilijaribu kuvuta mkono, lakini mkono wa mtu anayekanda unga kila siku hauponyokwi. Tuliingia uani kwetu kupitia mlango wa mbele, Mama Zaina akipiga vigelegele. Watu wakageuka. Ninaweza bado kuiona ile picha: Fifi katikati, mweupe, mzuri, amekalishwa kwenye kiti cha Papa, na mimi mlangoni, nimetapakaa ugali kichwani, kuku wawili nyuma yangu.

"Mama Fifi!" akatangaza Mama Zaina. "Aksanti sana! Haukusahau hata mutoto moja. Bote babili ulibamwangia!"

Mama alikuwa ameshika sufuria tupu. Nadhani alikuwa ametoka jikoni kutafuta unga. Alinitazama kichwani, akatazama sufuria, akanitazama tena, na niliona jinsi maelezo yanavyomfikia moja baada ya jingine. Papa akasema, "Alors? Hii ni nini?" Nilijua kwamba nikisema ukweli nitakuwa kichekesho mpaka nitakapoolewa.

Ndipo Fifi aliposimama.

"Ni miye, Papa," akasema. "Ni miye njo nilimumwangia Mado. Pudre ilikwisha, na yeye njo alikuwa wa kwanza. Nikachukua unga. Musimukemee."

Hakunitazama aliposema hivyo. Alisema tu, kwa ile sauti yake ya kuanzisha wimbo, na watu wakapumua, kisha wakaanza. Lo! Fifi ana roho gani! Siku yake mwenyewe, na anamkumbuka mdogo wake! Mama Zaina akaniachia mkono ili akamkumbatie. Mjomba mmoja akasema mtoto wa namna ile Mungu hawezi kumwacha. Wakamzunguka tena, wakamshangilia tena, na mimi nikabaki mlangoni na kuku.

Mtu mwenye busara angenyamaza na kumshukuru dada yake. Alikuwa ameniokoa, niliona wazi kwamba ameniokoa. Lakini kilichonipanda kooni hakikuwa shukrani. Kopo alichukua, vikwembe alichukua, na sasa anachukua hata unga wangu, hata aibu yangu anaichukua na kuigeuza sifa yake! Nikapiga kelele mpaka sauti ikakwaruza.

"Muongo! Anabongopea! Ni miye mwenyewe nilijimwangia! Miye mwenyewe! Juu Mama hakunimwangiaka hata siku moja! Hata moja!"

Hakuna aliyecheka. Nilikuwa nimejiandaa kwa kicheko, na kimya kile kilikuwa kibaya zaidi. Fifi alikaa chini taratibu. Papa alifungua mdomo, na Mama akampa ile sufuria aishike, akanichukua begani, akanipeleka nyuma ya nyumba kwenye pipa la maji.

Aliniosha yeye mwenyewe. Hakuwa amenigusa kichwa tangu nilipokuwa mdogo, kwa sababu aliyenisuka siku zote alikuwa Fifi. Vidole vyake vilikuwa vigumu, vinanukia samaki, na unga ulikuwa umeshakuwa gundi, kwa hiyo aliutoa kipande kwa kipande, akinivuta nywele mpaka machozi yakanitoka. Alimwaga maji mara nne kabla hajasema.

"Unga yote. Bageni bakule nini sasa?"

Nilishika ukingo wa pipa kwa mikono miwili.

"Ulikuwa unataka pudre."

"Ile kopo ilikuwa ya miye," nikasema. "Nilikuwa ninaiona mu sanduku. Miaka tatu."

Mikono ikasimama. Nilisikia anavyovuta pumzi nyuma ya shingo yangu.

"Ile kopo haikuwa ya weye," akasema. "Niliinunua mwaka Fifi alifika sixième. Akaanguka. Weye ulikuwa wa kwanza, nikataka kukumwangia, nikamwangalia namna anakaa pale, nikashindwa. Mwaka wa pili, vilevile. Mwaka huu Papa yako alisema: akianguka tena, masomo inaisha, anaenda ku Isangi kuuzisha na shangazi yake. Tangu Noeli silale muzuri." Akamwaga maji mengine. "Weye, Mado, hata siku moja haukunitia woga. Pudre ni ya woga yenye imekwisha. Unasikia?"

Nilisema nimesikia. Na kweli nilisikia, kila neno. Akanifuta kwa ncha ya kile kikwembe cha sikukuu, akarudi kwa wageni, ambao walikula lituma, yaani ndizi za kuponda, kwa sababu Fifi alikuwa ameshaweka ndizi motoni, bado na poda yake kichwani.

Sasa sikilizeni nilichofanya na maneno yale. Mama alinifungulia moyo wake ili nielewe uzito aliokuwa ameubeba. Mimi nilitoka pale na kanuni, kama zile za Maître Augustin: ili mama yako akushangilie, lazima kwanza aogope. Fifi alimwogopesha, mimi sikumwogopesha. Hapo ndipo kosa langu lilipokuwa, na kosa la namna hiyo linaweza kusahihishwa.

Tulianza shule ya sekondari pamoja. Mtihani wa kwanza wa muhula, niliandika jina langu vizuri juu ya kila karatasi, nikajibu maswali machache, nikaacha mengine tupu. Majibu niliyajua. Niliyatazama, nikayaacha. Nilileta nyumbani buletini, karatasi ya matokeo, yenye asilimia thelathini na nane kwa wino mwekundu. Fifi siku hiyo alikuwa na hamsini na tano.

Mama alikuwa anapanga samaki kwenye beseni. Aliipokea ya Fifi kwanza, akaisoma kwa makini, akatabasamu. Yangu aliipokea bila kutazama, kama kawaida yake, akaiweka gotini, akaendelea na samaki wawili watatu. Kisha jicho lake likaangukia ile namba. Nilikuwa nimekaa mbele yake makusudi, ili nisipitwe na kitu. Niliiona hofu ikiingia. Iliingia kupitia mdomo, ukalegea, halafu ikapanda machoni. Kwa muda mfupi, nawaambieni ukweli, nilifurahi.

Hakunikemea. Aliinuka, akanishika paji la uso kwa mkono wenye chumvi.

"Mado, unaumwa fasi gani?"

Nilisema siumwi. Hakuniamini. Katika akili yake hakukuwa na njia nyingine ya kuieleza namba ile: mtoto wake ana ugonjwa, tena wa kichwa, na yeye mama hakuuona kwa sababu macho yote yalikuwa kwa mwingine. Kesho yake asubuhi aliacha samaki wake kwa Mama Zaina, akaita toleka, akanipakata mapajani ingawa miguu yangu ilikuwa inaburuta karibu na ardhi, na akanikumbatia njia nzima hadi zahanati. Nilikuwa naye peke yangu. Nilikuwa nimelitamani jambo hilo tangu nijue kutamani. Moyo wake ulikuwa unapiga mgongoni mwangu kwa kasi ambayo sikuwahi kuisikia.

Walinichoma kidole, wakachukua damu. Tulikaa kwenye benchi pamoja na akina mama wengine na watoto wao waliolegea kwa homa. Mama alikuwa anasali kwa sauti ndogo, akitaja jina langu, na kati ya maneno ya sala nilimsikia anasema, "Nilimuacha, Mungu, nilimuacha sana, usimuchukue." Nilitaka kumwambia. Mdomo ulifunguka kabisa. Lakini muuguzi akatoka na karatasi, akaita jina langu kwa sauti, kama Maître.

"Mama, mutoto yako iko muzima. Malaria hakuna. Damu iko muzuri. Hakuna kitu."

Mama akaruka. Akapiga vigelegele pale pale, katikati ya wagonjwa, vile vile vya uwanja wa shule, nilivitambua. Alicheza. Alifungua kikwembe cha juu, akakitandika kwenye sakafu ya zahanati mbele ya miguu yangu, na akina mama wa kwenye benchi, ambao hawakujua kisa lakini wanajua furaha wakiiona, wakapiga makofi. Mmoja akaniambia, kanyaga, mwanangu, kanyaga. Nikakanyaga. Nilitembea juu ya kikwembe cha mama yangu kama mtoto aliyefaulu, mzima wa afya, sina hata mafua, na watoto waliokuwa wagonjwa kweli wakinitazama kutoka mapajani mwa mama zao. Sijawahi kuona aibu namna ile, na hakuna aliyeijua isipokuwa mimi.

Tulirudi kwa miguu. Karibu na nyumbani akapunguza mwendo.

"Bon. Kama haiko ugonjwa, ile trente-huit ilitoka fasi gani?"

"Sijui, Mama," nikasema.

Muhula uliofuata nilikuwa tena wa kwanza, na nimekuwa wa kwanza mara nyingi baada ya hapo. Fifi aliishia mwaka wa nne wa sekondari, akaolewa, ana duka lake na ananisuka mpaka leo. Siku ile niliporudi na buletini nzuri, nilimkabidhi Mama nikitegemea ataiweka gotini na kuendelea na samaki. Hakuipokea. Alinishika kwanza kidevu, akanitazama machoni, akaweka kiganja kwenye paji langu kupima joto, na baada ya hapo ndipo akasoma. Mpaka nilipomaliza chuo kikuu alizipokea buletini zote hivyo hivyo, mkono mmoja kwenye paji langu na mwingine kwenye karatasi, na ule wa kwenye paji haukuondoka mpaka asome namba ya mwisho.